Kwadi inachemsha mchangani: fuata njia ya joto kabla hujafungua injini

Swali: Habari za kazi, fundi. Niko Bagamoyo. Nina kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya Suzuki LTZ400 ya mwaka 2006, ya kabureta, nimeinunua ikiwa imeshatumika. Barabarani inakwenda vizuri kabisa. Nikishuka ufukweni kuelekea Kaole kwa mwendo mdogo, baada ya dakika 10 au 15 taa ya joto inawaka na maji yanatoka kwa wingi kwenda kwenye chupa ya akiba mpaka yanamwagika. Wakati mwingine nambeba mgeni nyuma. Fundi wa hapa aliitoa themostati (vali inayofungua njia ya maji yakipata moto) na kuweka maji ya kisima, ikawa afadhali siku mbili, kisha ikarudia. Sasa anasema gasketi ya hedi (kizibo kati ya silinda na kichwa cha injini) imeungua, tufungue injini. Nikubali?

Jibu: Ndugu yangu, usikubali bado. Huenda fundi wako akaja kuwa sahihi, lakini dalili ulizozieleza hazielekei kwenye gasketi kwanza. Mashine inayotulia kwenye lami na kuchemsha ikitambaa mchangani, mara nyingi joto lake linatoka vizuri ndani ya injini na kufika kwenye rejeta, ila pale kwenye rejeta halipati upepo wa kulibeba. Gasketi iliyoungua haibagui lami na mchanga. Ukivuta resi kwa nguvu kwenye barabara ya Msata nayo ingechemsha.

Lifuate joto kwa njia yake. Petroli inaungua ndani ya silinda, joto linaingia kwenye kuta za silinda na hedi, maji yanalichukua, pampu inayasukuma maji hadi kwenye rejeta, upepo unalipokea na kuondoka nalo. Mashine ikichemsha, njia hiyo imekatika mahali fulani, au joto limeongezeka kuliko njia inavyoweza kubeba. Kila kipande cha njia hiyo kinapimika kwa vifaa vya bei ndogo. Kufungua hedi ndicho kipimo cha gharama kubwa kuliko vyote, kwa hiyo kinakaa mwisho wa foleni.

Mchanga wenyewe ni mzigo. Kwenye lami ukienda kilomita 60 kwa saa, upepo unaopita kwenye rejeta unatosha na feni inaweza isiwake kabisa. Ufukweni unakwenda kilomita 15, matairi yanazama, injini inavuta kama inayopanda kilima, na upepo wa mwendo haupo. Ongeza na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi: jua kali, na ukielekea upande wa Kaole upepo unakaa mgongoni au ubavuni mwako. Mwendo wako ukikaribiana na wa upepo, rejeta inakaa kwenye hewa tuli. Hapo uhai wote wa injini uko kwenye feni. Ndiyo maana mtuhumiwa wa kwanza ni feni, na wa pili ni yale maji ya kisima.

Kabla ya kugusa chochote, injini iwe imepoa kabisa, yaani umeiweka usiku kucha. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa wakati wa moto, maji yaliyokuwa yamebanwa kwa presha yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Kitambaa mkononi hakitoshi. Subiri.

Mfuniko na maji

Fungua mfuniko injini ikiwa baridi, utazame ndani. Maji yafike mdomoni. Kama yamepungua wakati chupa ya akiba imejaa, umeshapata habari kubwa: maji yanatoka yakipata moto na hayarudi yakipoa. Mfuniko wa rejeta una vali mbili. Ile kubwa yenye springi inabana maji mpaka presha ifikie kiwango chake, kwa mashine nyingi za aina hii karibu bar 1.1. Ile ndogo ya katikati inaruhusu maji yarudi kutoka kwenye chupa injini ikipoa. Mpira wa vali ukikauka au kupasuka, au kivali kidogo kikiganda kwa kutu, mchezo wote unavurugika. Angalia pia kimpira chembamba kinachokwenda kwenye chupa. Kikiwa na ufa, rejeta ikipoa inavuta hewa badala ya maji, na kila safari unaanza ukiwa na maji pungufu kidogo kuliko ya jana.

Tazama jinsi makosa mawili yanavyoshikana mikono. Bagamoyo iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100. Yakibanwa na mfuniko mzima wa bar 1.1, hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120. Yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na kubanwa hivyohivyo, yanapita 125. Swichi ya feni kwenye mashine nyingi inawaka mahali fulani kati ya nyuzi 88 na 105. Sasa weka maji matupu na mfuniko uliochoka: maji yanaweza kuanza kuchemka kabla au mara tu swichi inapowasha feni. Mvuke hauigusi swichi vizuri kama maji yanavyoigusa, hivyo feni inachelewa zaidi, na maji yanasukumwa kwenye chupa. Kutoka hapo ni dakika chache tu mpaka taa nyekundu. Unaona sasa kwa nini gasketi nzima inaweza kusingiziwa.

Mfuniko unapimwa kwa pampu ndogo ya presha, gereji nyingi za magari zinayo. Ukishindwa kushika kiwango kilichoandikwa juu yake, nunua mpya. Angalia sana hapa: mfuniko kufunga vizuri kwenye shingo ya rejeta hakuthibitishi kwamba ndio wenyewe. Ipo ya kina tofauti na ya presha tofauti inayozunguka na kubana bila tatizo. Linganisha namba ya presha, na urefu wa sehemu inayoingia ndani, na ule wa zamani.

Feni

Hapa usiharakishe. Zungusha mapanga kwa kidole injini ikiwa imezimwa. Yanapaswa kuzunguka laini. Yakikwaruza au kugoma, mchanga na chumvi vimeingia kwenye beringi ya mota.

Kisha chomoa soketi ya feni na uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili, mmojawapo ukiwa na fyuzi ya ampea 10. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima. Ikizunguka kivivu au ikihitaji kusukumwa kwa kidole ndipo ianze, mota imekwisha hata kama inaonekana inafanya kazi. Feni ya kivivu inadanganya watu wengi, maana wanaiona inazunguka na kuivusha kwenye orodha.

Ikiwa inazunguka, chukua karatasi nyepesi uisogeze mbele ya rejeta. Feni imekaa nyuma ya rejeta na kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele. Karatasi inatakiwa inate kwenye rejeta. Ikisukumwa mbele, waya zimegeuzwa wakati fulani mtu alipobadilisha soketi. Feni inayopuliza mbele inapambana na upepo wa mwendo, na mashine ya namna hiyo inachemsha kwa mwendo mdogo hasa, kama yako.

Sasa swichi. Kwenye mashine za kabureta kama hii, swichi ya feni imefungwa kwenye mwili wa rejeta wenyewe, nayo inaunganisha umeme maji yakifika joto lake. Chomoa soketi yake. Kama ina waya mbili, ziunganishe kwa kipande cha waya ufunguo ukiwa umewashwa. Kama ina waya mmoja, uguse kwenye chuma safi cha injini. Feni ikiwaka, njia ya umeme ni nzima na swichi ndiyo ya kushukiwa. Isipowaka, tafuta fyuzi, soketi yenye kutu ya kijani, au ethi (waya wa umeme unaofungwa kwenye chuma cha mashine) iliyolegea. Rafiki yako mwenye mashine ya injeksheni asiige jambo hili: kwenye nyingi kati ya hizo feni inaongozwa na kompyuta ndogo kupitia relei, na kuunganisha waya za sensa kunaweza kuharibu vitu vya bei kubwa.

Swichi yenyewe unaweza kuipima jikoni, ila si kwa maji, kwa sababu maji ya sufuria hayapiti nyuzi 100 na swichi inaweza kuhitaji zaidi. Tumia mafuta ya kupikia kwenye sufuria ndogo juu ya jiko la mkaa wenye moto mdogo. Ning'iniza swichi ili ncha yake tu iwe ndani ya mafuta bila kugusa chini, weka kipimajoto kinachofika nyuzi 150, na unganisha mita ya umeme kwenye swichi. Andika joto ambalo mita inaonyesha imeunganika, kisha ondoa sufuria motoni na uandike joto ambalo inakata. Linganisha na kitabu cha mashine. Ikichelewa sana au isipounganika kabisa, badilisha. Usifanye kazi hii karibu na petroli, na mtoto asiwepo jikoni.

Jambo la mwisho la umeme ni kipimo cha volti. Feni ikiwa inazunguka, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye soketi ya feni. Tofauti ikizidi volti 1, umeme unapotelea njiani, na kwa ukanda wetu wa pwani karibu kila mara ni kutu ya chumvi kwenye soketi au kwenye bolti ya ethi. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Kama umefunga taa kubwa za ziada, zizime ujaribu tena. Kwa resi ndogo jenereta ya mashine hizi haitoi umeme wa kutosha kulisha taa nyingi na feni kwa pamoja.

Rejeta kwa nje

Mulika tochi nyuma ya rejeta, uchungulie mbele. Unapaswa kuona mwanga katikati ya vibati vyembamba karibu eneo lote. Tope la mikoko na matope ya kandokando ya mashamba ya chumvi yakikauka yanakuwa kama plasta, na mara nyingi yanajificha upande wa feni ambako jicho halifiki. Toa feni. Lowesha rejeta kwa maji ya sabuni, iache dakika 15, kisha suuza kutoka nyuma kwenda mbele, kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia. Usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari kwa karibu: vibati ni laini kama karatasi ya chokleti, vikilala vinaziba njia ya hewa. Vilivyolala vinyooshe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa. Ukimaliza ziara ya ufukweni, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, injini ikishapoa. Chumvi ikilala usiku mmoja kwenye alumini, kazi yake inaanza.

Ondoa pia chochote ulichofunga mbele ya rejeta, iwe begi la wageni, bango la namba au wavu wenye matundu madogo.

Themostati irudishwe

Naelewa kwa nini aliitoa. Kuna imani kwamba nchi ya joto haihitaji themostati. Themostati haihusiani na baridi ya nje. Inasimamia joto la injini: inafunga mpaka maji yafike joto la kazi, kisha inafungua na kupunguza kulingana na mzigo. Ikiondolewa, barabarani injini inafanya kazi ikiwa na ubaridi usiofaa, oili haipati moto wa kukausha maji yake, pistoni na silinda vinalika. Tena kizuizi kile kidogo kinasaidia kuweka presha ndani ya silinda na hedi, ili maji yasichemke kwenye sehemu zenye moto mkali karibu na vali za eksozi. Na zipo injini zenye njia ya pembeni ambayo themostati inaifunga inapofunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na mashine inachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Utasikia pia kwamba bila themostati maji yanapita haraka mno, hayapati muda wa kupoa. Hilo si kweli. Maji yakipita haraka yanabeba joto zaidi. Sababu halisi ni hizo nilizotaja.

Kama ile ya zamani bado ipo, ipime kwa sufuria ya maji na kipimajoto, ukiining'iniza isiguse chini. Nyingi za aina hii zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 71 na 82 na kuwa zimefunguka wazi kabla maji hayajachemka. Ikifunguka kidogo tu, au ikikwama upande mmoja, tupa. Unapofunga mpya, kile kitundu kidogo cha kupitishia hewa, kama kipo, kikae juu.

Kuosha ndani na kujaza upya

Maji ya kisima karibu na bahari yana chumvi na chokaa. Chumvi inatafuna alumini, na chokaa inaganda kwenye kuta. Tabaka jembamba tu la chokaa linazuia joto lisipite kutoka chumani kwenda majini. Siku mbili ulizopata nafuu zilitokana na maji mapya yaliyojaa, na pengine hewa kidogo iliyotoka. Hazikuwa tiba.

Mwaga maji yote kupitia bolti ya chini ya pampu na mpira wa chini wa rejeta, uyapokee kwenye beseni, uyapime ujazo wake. Andika. Itazame rangi yake: kahawia ni kutu, utando wa mafuta juu ukumbuke ukifika kwenye sehemu ya gasketi. Jaza maji safi, washa mpaka ipate moto, zima, ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kama ndani ya mdomo wa rejeta unaona gamba jeupe, jaza siki nyeupe nusu na maji nusu, endesha injini dakika 20 hadi 30 bila mwendo, feni ikizunguka, kisha mwaga na suuza mara tatu. Usizidishe muda, usiiache ilale humo. Na kwa usalama wa mashine yako, usiweke magadi, soda ya kuzibulia mabomba wala asidi ya betri. Vyote hivyo vinakula alumini.

Kwa maji ya kuchanganyia nunua maji ya betri, na soma chupa kwa makini, kwa kuwa maduka mengine yanaweka maji ya betri na asidi ya betri kwenye rafu moja, chupa zikifanana. Kulanti iwe ya injini za alumini, isiyo na silikati, kwani silikati inaweza kukwaruza sili (kizuizi cha kuvuja) ya pampu. Kama ni ile nzito isiyochanganywa, nusu kwa nusu: mfumo ukichukua lita 1.5, robo tatu lita ya kulanti na robo tatu lita ya maji. Ikiandikwa imeshachanganywa, usiiongeze maji. Wengine humimina kulanti nzito tupu wakidhani ndiyo bora. Sivyo. Maji yanabeba joto vizuri kuliko kulanti. Kulanti ipo kwa ajili ya kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Halafu kutoa hewa, kazi ambayo gereji nyingi zinairuka. Hewa iliyonaswa kwenye hedi inaunguza mahali ilipo, na ikinaswa pale penye swichi ya feni, swichi inapima hewa na feni hailali wala haiamki kwa wakati wake. Inua matairi ya mbele juu ya tofali mbili au tatu ili mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kuliko zote. Jaza polepole. Kama kuna kibolti cha kutolea hewa juu ya pampu au kwenye nyumba ya themostati, kilegeze mpaka maji yatoke bila mapovu, kisha kaza. Minya mipira ya maji kwa mkono mara nyingi. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, resi ndogo, ukiongeza kadiri kina kinavyoshuka. Themostati ikifunguka kina kitashuka ghafla. Jaza, funga mfuniko, subiri mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Ikipoa kabisa, fungua tena uone kina. Chupa ya akiba iishie katikati ya alama mbili.

Pampu

Chini ya pampu kuna kitundu kidogo. Kikidondosha maji, sili ya maji imekufa. Kikidondosha oili, sili ya oili imekufa. Kwa vyovyote badilisha zote mbili kwa pamoja, na beringi kama shafti ina mchezo. Kuziba kitundu hicho kwa gundi ni kuyaelekeza maji kwenye oili. Fungua kifuniko cha pampu, ni bolti chache, utazame panga lake: lisiwe limelika, lisizunguke peke yake bila shafti. Mchanga uliokwama ndani ya mfumo unalipunguza panga polepole mpaka mtiririko unakuwa hafifu.

Kuna kipimo rahisi kinachounganisha pampu, rejeta na feni. Injini ikiwa ya moto na feni inazunguka, tumia kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza tu, upime mpira unaoingiza maji kwenye rejeta na mpira unaotoa. Pima kwenye mpira au sehemu nyeusi, maana alumini inayong'aa inadanganya kipimo. Ukikuta unaoingia ni wa moto sana na unaotoka ni wa vuguvugu tu, maji hayatembei: pampu, themostati au rejeta iliyoziba ndani. Ukikuta yote miwili ina joto karibu sawa, maji yanatembea ila hayaachi joto: feni, vibati, uchafu wa nje. Pima pia uso wa rejeta sehemu mbalimbali. Doa lenye ubaridi katikati ya rejeta ya moto ni mirija iliyoziba.

Gasketi, sasa

Ukishamaliza yote hayo na bado inachemsha, mpe fundi wako haki yake. Lakini bado kuna vipimo kabla ya spana. Injini ikiwa baridi, jaza rejeta mpaka mdomoni, washa mfuniko ukiwa wazi. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi ukivuta resi, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Dalili nyingine: mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja tangu kuwasha kwa baridi, wakati maji bado hayajapata moto wa kujenga presha. Plagi iliyosafishika isivyo kawaida. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usiokwisha injini ikishapata moto. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ingawa hiyo inaweza kutoka kwenye sili za pampu pia, usiihukumu peke yake. Gereji zenye kichupa cha dawa ya bluu inayogeuka njano ikipata gesi ya eksozi zitakupa jibu la uhakika kwa dakika chache.

Ikithibitika, hedi ikitoka ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kona kwa kona. Kwa injini za aina hii kikomo ni milimita 0.05. Ikizidi, ipelekwe kusawazishwa kwenye karakana ya mashine, isisuguliwe kwa msasa mkononi. Pima pia uso wa juu wa silinda. Kaza kwa spana ya kipimo na kwa mpangilio wa kitabu. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haifiki mwezi.

Kinachoongeza joto

Mgeni unayembeba nyuma ni sehemu ya tatizo. LTZ400 imeundwa kwa mtu mmoja. Uzito wa pili nyuma unazamisha matairi ya nyuma mchangani, na pia unainua mbele, jambo la hatari kwenye mteremko. Kama biashara yako ni wageni, tafuta mashine ya watu wawili.

Inua matairi ya nyuma, uyazungushe kwa mkono, gia ikiwa haijaingizwa. Breki inayobana au cheni iliyokazwa kupita kiasi inaitesa injini muda wote. Sikiliza klachi: resi ikipanda na mwendo usipande, inateleza na kupika oili. Oili yenyewe inabeba joto jingi. Injini hii ina tangi la oili pembeni, kwa hiyo washa dakika chache, zima, subiri dakika chache, ndipo upime. Ukipima ikiwa imelala usiku kucha utadanganyika na kujaza kupita kiasi.

Na kama mwenye mashine wa kwanza aliweka eksozi ya wazi au alitoa kifuniko cha boksi la hewa bila kubadilisha jeti (kitundu cha kupitisha petroli) ya kabureta, injini inakula hewa nyingi na petroli kidogo, na hiyo ni moto mkali. Plagi nyeupe kama chaki ndiyo ushahidi. Kagua pia mpira kati ya kabureta na injini: nyunyizia maji ya sabuni injini ikiunguruma, resi ikibadilika una ufa.

Ukimaliza matengenezo, usirudi Kaole moja kwa moja. Jaribu kwanza ikiwa imesimama, kwa resi ndogo, mpaka feni iwake na kuzima mara tatu. Kisha nenda mchangani dakika 10, gia ya chini na resi ya wastani, ukiepuka gia ya juu inayoifanya injini kukoroma. Simama, geuza mbele iangalie upepo, angalia chupa. Siku inayofuata, ikiwa baridi, fungua mfuniko. Kina kikiwa kilekile, ongeza dakika 20. Kikiwa kimeshuka bila alama ya kuvuja popote nje, rudi kwenye kipimo cha mapovu.

Na taa ikiwaka njiani siku yoyote, toka mchangani laini, geukia upepo. Isipozima ndani ya dakika moja, au ukiona mvuke, zima injini na usimwagie maji baridi juu ya silinda. Ipe saa nzima, na zaidi kama mfuniko bado ni wa moto mkononi. Ukiufungua, zungusha kidogo tu kwanza usikilize kama bado inapumua, kisha ongeza maji ya kunywa ya chupa polepole. Maji ya bahari usiyaweke kamwe, hata kama uko mbali. Afadhali uiburute mpaka barabarani.